Mwalimu Aliyekataa Kwenda Machinjioni

Sungura wa darasa la nne alifika kwa daktari wa mifugo akiwa na njaa, na njaa hiyo ilikuwa imepangwa. Tangu mchana wa jana yake hakupewa hata jani. Aliyetoa amri ni mwalimu wa darasa, na watoto waliitii kwa bidii ambayo hawakuwahi kuionyesha kwenye hesabu. Walisafisha boksi, wakaokota kila unyasi, wakaweka walinzi wa zamu asije akatokea mwenye huruma akampenyezea karoti. Mwalimu alikuwa na sababu. Aliwahi kupasuliwa kidole tumbo, na neno la kwanza aliloambiwa na wauguzi lilikuwa kwamba asile kitu.

Daktari alikuwa mwanamume mnene, mfuko wa shati umejaa karanga. Alimweka sungura mezani, akambonyeza tumbo taratibu, kisha akainua kichwa.

"Huyu amekula lini?"

"Jana mchana," Mwalimu akasema, akingoja kusifiwa.

"Nani kamnyima chakula?"

"Mimi. Si anafanyiwa operesheni?"

"Kwani wewe ni daktari?"

"Mimi ni mwalimu."

"Ndiyo maana."

Akatafuna karanga, akaeleza. Mtu hunyimwa chakula asije akatapika katikati ya usingizi wa dawa, matapishi yakamwingia mapafuni. Sungura hatapiki. Hakuumbwa hivyo. Lakini utumbo wake lazima ufanye kazi wakati wote, kama mashine ya kusaga isiyozimwa. Ukisimama, unaweza ukampasua kwa ustadi wote wa duniani na bado akafa kesho yake.

"Halafu mtasema daktari ndiye aliyemuua," akamalizia. "Mtoe nje akale. Akishakula na akishakunya, mrudishe."

Ndivyo mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwenye viatu vya kisigino na sketi aliyoipiga pasi asubuhi, alivyojikuta amechuchumaa nyuma ya kliniki aking'oa majani kando ya ua. Watoto wanne walikuwa naye. Walijiita kamati ya mgonjwa.

"Mwalimu, si ulisema asile?" akauliza mmoja, mtoto wa kike aliyeng'oka meno mawili ya mbele.

"Nilisema."

"Na sasa?"

"Sasa nasema ale."

"Kwa hiyo jana ulikosea?"

Watoto wote wanne waliacha kung'oa majani. Mwalimu anakumbuka kwamba sungura naye aliacha kutafuna, ingawa anakiri hapo huenda anaongeza chumvi.

"Nilikosea," akasema. "Haya, hilo jani lina miba, litupe."

Sungura huyo alikuwa akiitwa Mheshimiwa. Watoto walimpa jina hilo kwa sababu alikula vya wenzake, alilala wakati wa kazi, na akipita kila mtu alimpisha. Mzazi mmoja ndiye aliyemleta shuleni kwa ajili ya somo la wanyama wanaonyonyesha. Somo likaisha, Mheshimiwa akabaki nyuma ya darasa. Wiki ile alianza kujikunja pembeni, akikamua mkojo usiotoka, na ulipotoka ulikuwa matone yenye damu. Mwalimu mkuu alipoletewa habari hakuhangaika kuinuka kitini. "Sungura ni kitoweo kilichochelewa," alisema, akamwita mlinzi aje amchukue. Mlinzi alipofika darasani alikuta boksi halipo. Mwalimu alikuwa amelikumbatia, yuko nje ya geti na watoto wanne nyuma yake, na vipindi viwili vya mchana amewaachia wenzake bila kuwauliza.

Mheshimiwa alikula, akanya, akarudishwa ndani. Msaidizi wa daktari alikuwa amekwenda shamba la mtu kuhasi ng'ombe, hivyo Mwalimu akaambiwa anawe mpaka viwikoni na asiguse kitu asichoambiwa.

"Ukitaka kuzimia, zimia upande ule," daktari akamwelekeza. "Usiniangukie."

Hakuzimia. Alipewa ncha mbili za uzi uliopitishwa kwenye kibofu cha sungura, akaambiwa avute kidogo, asivute sana. Kibofu kilitoka nje kama puto dogo lililolowa. Daktari akakitoboa, akaingiza kikoleo, akatoa jiwe. Lilikuwa na ukubwa wa punje ya haragwe, jeupe, linaparuza kama sakafu isiyosuguliwa. Akalidondosha kwenye bakuli la chuma, likalia.

Mwalimu akaanza maswali. Jiwe lilitokana na nini? Kwa nini ametoboa juu na si pembeni? Mbona ameshona mara mbili palepale?

"Unaniuliza kama askari wa upelelezi."

"Nataka kujua kwa nini umeshona mara mbili."

"Kwa sababu mkojo hauna adabu. Ukiona tundu, unapita." Akakata uzi. "Mikono yako haitetemeki."

"Inashika chaki mbele ya watoto arobaini. Ikitetemeka nani atasoma?"

Mheshimiwa alipona, akaishi miaka mingine miwili nyuma ya darasa, mvivu vilevile.

Asubuhi iliyofuata operesheni ile, kabla ya kuita majina, Mwalimu alichora tumbo la sungura ubaoni. Akawaambia watoto kwamba aliwafundisha jambo lisilo kweli, kwamba alilisema kwa uhakika kwa sababu hakuwa amemuuliza mtu yeyote, na kwamba Mheshimiwa nusura afe kwa sababu hiyo. Habari zilifika ofisini kabla ya mapumziko. Mwalimu mkuu alikuwa ameshampendekeza awe msaidizi wake, na barua ya uteuzi ilikuwa njiani.

"Mwalimu hakosei mbele ya watoto," akamwambia. "Akikosea, anakosea hapa ofisini, tunafunga mlango."

"Nimekosea darasani, nimesahihisha darasani."

"Wangesahau!"

"Hawasahau. Wameshawaambia mpaka wazazi wao. Kuna mtu huko mtaani leo anamnyima sungura wake chakula kwa sababu yangu."

"Sikiliza. Boksi lile litoke. Halafu tuzungumze habari za cheo. Chagua: ofisi au sungura."

"Sungura," akasema. Alijibu haraka mno hata mwalimu mkuu akadhani hakulielewa swali, akalirudia. Akapata jibu lilelile.

Kuanzia wiki ile, kila Jumamosi alikuwa kliniki. Hakuna aliyemwalika. Daktari wa karanga hakumlipa na hakumfukuza. Alimwachia kazi za kushika miguu ya mbuzi, kuchemsha mikasi, kunyoa manyoya mahali pa kupasuliwa. Baada ya miezi akamruhusu kushona ngozi ya mzoga. Mwalimu alishona, akafumua, akashona tena. Siku moja aliuliza ni lini atashona kiumbe hai.

"Kamwe," daktari akasema. "Huna cheti. Bila chuo wewe ni mshika miguu, na utazeeka ukishika miguu. Ukitaka kisu, nenda kasome. Miaka mitano. Na uwe tayari kukaa dawati moja na watoto uliowafundisha a, e, i, o, u."

Wengi wangelichukua hilo kama ushauri wa kuacha. Yeye alirudi nyumbani akatangaza.

Mama yake, fundi cherehani aliyewasomesha watoto wanne kwa kupunguza na kuongeza suruali za watu, alisimamisha mguu juu ya kanyagio.

"Nilikusomesha uwe mwalimu, ukawa. Sasa unarudi nyuma mpaka wapi? Mpaka chekechea?"

"Naenda mbele, mama."

"Huko mbele kuna nini? Punda na mbwa?"

"Na ng'ombe."

"Wenzako wa umri wako wanapokea posa za mabinti zao. Wewe unakwenda kuandikishwa shule. Nitawaambia nini watu?"

"Waambie binti yako anasoma."

"Mbuzi wa jirani akizaa watakuja kunigongea mimi, wakiniita mama wa mkunga."

"Wakigonga, fungua."

Mume wake ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache kazini na maneno mengi mezani. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Na mimi nikiugua, utanitibu?"

"Ukiota mkia."

Jibu hilo lilifika karakana kabla yake. Kwa mwaka mzima, kila alipoinama kuchomelea, vijana walimchungulia nyuma wakiulizana kama dalili zimeanza. Hakumkataza mkewe. Alisema tu kwamba yeye si mpishi na asitegemewe jikoni. Alipika miaka mitano, vibaya, na watoto wao wawili wanaweza kulithibitisha hilo.

Kwanza ilibidi arudie mitihani ya kemia na biolojia ya sekondari, maana alama zake za zamani zilikuwa za mtu asiyejua kwamba siku moja atazihitaji. Asubuhi ya mtihani aliingia ukumbini akiwa na kalamu mbili na rula. Msimamizi alimwona, akafurahi, akamkabidhi rundo la karatasi. "Afadhali umekuja. Gawa upande wa kulia."

"Mimi natahiniwa."

"Unatania?"

"Hapana. Lakini nikigawa nitamaliza upesi kuliko wewe, kwa hiyo lete." Akagawa upande wa kulia, akajiwekea ya mwisho, akakaa.

Chuoni walimwita Shangazi. Wengi wa darasa lake walikuwa na umri wa miaka ishirini, na walimpenda kwa namna vijana wanavyompenda mtu mzima mwenye daftari kamili. Hakuipenda namna hiyo ya kupendwa, akaacha kuwaazima madaftari. Ni mfupi. Meza za upasuaji zilitengenezwa kwa watu warefu, na siku ya kwanza ya vitendo alimwona mbwa usawa wa macho, kama mtoto anayenunua kitu dukani. Siku ya pili alikuja na stuli ya chuma iliyochomelewa nyumbani. Vijana walipiga makofi. Akapanda, akaifunga barakoa, akaomba kisu.

Somo la upasuaji lilifundishwa na mhadhiri aliyejulikana kama Bwana Saa. Alivaa shingoni saa ya kupimia mbio, kama kocha, na aliibonyeza kila mwanafunzi alipogusa ngozi ya mnyama. Ni haki kusema kwamba hakuwa mtu wa hovyo. Alikuwa mpasuaji hodari, na hoja yake ilikuwa na msingi: mnyama aliyelazwa kwa dawa yuko mlangoni mwa kaburi, na anayemchelewesha hapo anampunguzia njia ya kurudi. Tatizo lake ni kwamba alikuwa ameshindwa kuona tofauti kati ya mtu anayechelewa kwa sababu hajui na mtu anayechelewa kwa sababu anatazama.

Mwalimu alikuwa anatazama. Alihesabu vipande vya shashi ya kufutia damu alivyoingiza na alivyotoa. Aliinua kila fundo kwa ncha ya kikoleo aone kama limekaza. Alikuwa wa mwisho kutoka chumba cha upasuaji kila wiki, na kila wiki Bwana Saa aliigeuza saa yake darasa zima liione.

Mwaka wa nne alimwita ofisini.

"Shangazi, nikupe ushauri wa bure."

"Mimi si shangazi yako, Daktari. Mwalimu inatosha."

"Mwalimu, basi. Nenda kwenye ukaguzi wa nyama. Machinjio yanahitaji watu makini kama wewe. Kule hakuna haraka. Mgonjwa ameshakufa."

Alicheka peke yake.

"Nilikuja kusomea walio hai," Mwalimu akasema.

"Tazama umri wako. Kimo chako. Mwendo wako. Vyote vinasema machinjioni."

"Mimi vinaniambia niongeze urefu wa stuli."

"Mikono yako ni ya ubaoni. Inaandika, inafuta, inaandika tena. Upasuaji hauna kifutio."

Hilo lilimuuma. Aliporudi nyumbani alichukua bunda la uzi. Akafunga mafundo kwenye mpini wa jagi, kwenye mguu wa kitanda, kwenye komeo la mlango, kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha macho yamefumbwa. Baada ya mwezi hapakuwa na kitu chenye shingo ndani ya nyumba ile kisichokuwa na fundo. "Nikitaka kuingia chumbani kwangu," mumewe akalalamika, "naomba kibali cha chuo." Kasi iliongezeka. Tabia ya kutazama haikupungua.

Mtihani wa mwisho wa vitendo ulikuwa wa kumtoa kizazi mbwa jike. Chumba kilikuwa na meza tatu, taa tatu, na watahini wawili: Bwana Saa na mtahini wa nje, mama mwenye miwani minene aliyetoka chuo kingine na ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema zaidi ya salamu. Muda ulikuwa umepangwa, na aliyeupita alihesabiwa ameshindwa. Kila mtu alijua maana ya kushindwa kwa Mwalimu. Wenzake wangerudia mwakani. Yeye, kwa umri wake, angehamishiwa ukaguzi wa nyama, na Bwana Saa alikuwa ameshalisema hilo hadharani.

Kazi ilikwenda vizuri. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano hakuwa wa mwisho. Kizazi kilitoka, mafundo yakakaa, na katika meza za jirani ni kijana mmoja tu aliyekuwa ameanza kushona tumbo. Mwalimu alipitisha shashi mara ya mwisho upande wa kulia, ikatoka na doa. Akapitisha nyingine. Doa tena, jekundu, bichi.

"Shona," Bwana Saa akasema.

"Bado."

"Hiyo ni damu ya kawaida. Kila tumbo lina damu. Shona, una dakika chache."

Akapitisha shashi ya tatu. Kidimbwi kidogo kilijaa tena mahali palepale, polepole, kama maji yanayopenya kwenye ndoo iliyotoboka.

"Mwalimu! Nimesema shona."

"Sishoni."

Vijana wa meza mbili za jirani waliinua vichwa. Mtahini wa nje alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Unajua unachokifanya?" Bwana Saa akauliza, sauti imeshuka. "Ukishona sasa umefaulu. Ukiendelea kuchokonoa, muda unakwisha, na mimi siwezi kukusaidia."

"Sijaomba msaada. Naomba taa ishushwe."

Hakuna aliyeshusha. Akaishusha mwenyewe kwa kiwiko, akausogeza utumbo kwa upole, akafuata damu chini mpaka karibu na figo. Kule, mshipa aliokuwa ameufunga ulikuwa umejivuta, na uzi umeteleza mpaka ncha. Lilikuwa fundo lake mwenyewe, kosa lake mwenyewe. Aliushika mshipa, akaufunga upya chini zaidi, akafunga tena juu yake. Kengele ya saa ya Bwana Saa ililia akiwa bado kwenye fundo la pili. Hakuinua kichwa. Akapitisha shashi, ikatoka nyeupe. Akasubiri. Akapitisha nyingine, nyeupe. Akahesabu shashi zote moja moja kwa sauti, kama anayeita majina darasani, ndipo akaanza kushona.

Alipomaliza, Bwana Saa alikuwa amekunja mikono. "Amepita muda. Kwa kanuni ameshindwa. Na fundo lililoteleza ni lake."

"Ni langu," Mwalimu akasema.

Mtahini wa nje akauliza swali lake la kwanza la siku. "Kama angeshona pale ulipomwambia?"

"Angefaulu."

"Na mbwa je?"

Bwana Saa alitazama saa yake, labda kwa mazoea. Mbwa akapumua. Mmoja wa vijana wa jirani alikohoa ili asicheke.

Walibishana nusu saa nyuma ya mlango uliofungwa. Mtahini wa nje alitaka apewe alama ya juu, Bwana Saa alitaka sifuri, wakakutana karibu zaidi na sifuri. Mwalimu alifaulu upasuaji kwa alama ya chini kuliko wote waliofaulu mwaka ule. Huitaja alama hiyo bila kuulizwa, na akiona unamwonea huruma huirudia.

Lakini kufaulu hakukuwa mwisho. Baada ya mtihani kulikuwa na mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi, na bila kuumaliza mahali pa upasuaji mtu hasajiliwi kuwa mpasuaji. Aliyepanga vituo alikuwa Bwana Saa. Ijumaa orodha ikabandikwa. Vijana walikwenda wodi za hospitali ya wanyama ya chuo, wengine mashambani. Jina la Mwalimu lilikuwa peke yake chini kabisa: machinjioni, ukaguzi wa nyama, kuanzia Jumatatu.

Jumatatu alikuwa wodini, amevaa aproni, anasafisha vizimba.

"Wewe si wa machinjioni?" Bwana Saa akamuuliza.

"Ndiyo, Daktari."

"Sasa hapa unafanya nini?"

"Nina nyuzi."

Akamwonyesha ukuta. Juu ya sinki, kwa herufi kubwa za rangi nyekundu, kulikuwa na amri ya wodi ile: ALIYESHONA NDIYE ATAKAYETOA NYUZI. Bwana Saa ndiye aliyeiandikisha, miaka mingi nyuma, alipochoshwa na wanafunzi wanaoshona na kutoweka, wakiwaachia wenzao vidonda vinavyotoa usaha. Hakuruhusu mtu yeyote kuivunja. Aliwahi kumrudisha kijana kutoka harusini kwa dada yake aje amtolee nyuzi paka.

Mbwa wa mtihani alikuwa na nyuzi, na za mbwa hazitolewi kabla ya siku kumi.

"Siku kumi," Bwana Saa akasema. "Halafu unakwenda."

"Nikimaliza nyuzi, nakwenda."

Siku ya nne aliletwa mbuzi aliyechanwa ubavu na seng'enge. Wodi ilikuwa imejaa na mikono ilikuwa michache. Mwalimu akasogeza stuli, akamshona. Siku ya nane paka akaanguka kutoka ghorofani na kuchanika kidevu. Akamshona. Alipokuwa anamtoa mbwa wa mtihani uzi wa mwisho, tayari alikuwa na wagonjwa watatu wengine wenye nyuzi zake mwilini, na mmoja wao alikuwa ndama mwenye mshono mrefu kama reli.

Bwana Saa alichelewa kutambua. Alipotambua, alimkuta kwenye sinki, chini ya maandishi yake mwenyewe.

"Unanichezea."

"Sheria ni yako, Daktari."

"Naweza kuifuta leo."

"Ifute. Kuanzia kesho vijana wako wote watashona na kukimbia. Ndama huyu nimwachie nani?"

"Machinjioni wananipigia simu. Wanauliza mkaguzi wao yuko wapi."

"Waambie anashona."

"Hujui kuona haya?"

"Niliachana na haya uani kwa daktari mmoja, na watoto wanne wakishuhudia. Nipishe kidogo, nanawa."

Bwana Saa aliishika saa yake. Kisha akampisha. Hakuifuta amri. Wala hakumhamisha, kwa sababu kila alipokuja kuhesabu, kulikuwa na nyuzi. Mwalimu alihakikisha zipo. Kila asubuhi aliingia wodini kabla ya vijana, na jeraha lolote lililofika mlangoni lilimkuta amenawa. Wengine walipokwepa kazi ya Jumamosi alishukuru, akawashona wagonjwa wao. Kwa mwaka mzima hakuna siku hata moja aliyokuwa hana uzi wake ndani ya ngozi ya mnyama fulani. Machinjioni jina lake lilibaki ubaoni mwaka wote. Mkaguzi mkuu wa kule, mtu mpole, aliishia kuamini kwamba ni mtu aliyefariki, na siku moja alimwuliza Bwana Saa kama atume rambirambi.

Mwaka ulipoisha, Bwana Saa alitakiwa kutia sahihi kwamba mwanafunzi amemaliza mazoezi mahali fulani. Hakuweza kuandika machinjioni. Aliandika upasuaji, akatia sahihi, akamsukumia karatasi bila kumtazama.

"Sasa umesajiliwa. Utaondoka lini hapa?"

"Nikimaliza nyuzi."

Hospitali ikamwajiri mwezi uliofuata. Bwana Saa amestaafu tangu wakati huo. Wiki hii, katika kizimba cha pili kutoka mlangoni kuna kondoo aliyepasuliwa kutolewa mwana, na kando yake paka wawili na punda mwenye goti lililofunguka. Wote wanne wana nyuzi za Mwalimu, na za yule punda hazitaiva kabla ya mwisho wa mwezi.